Petroli si Sabuni

Ukurasa huu wa afya umezoea kukueleza habari za malaria, kuhara na maji ya kuchemsha. Leo nitazungumza habari za pikipiki. Usishangae. Watu wanaoletwa katika zahanati yetu kwa ajili ya pikipiki si wale walioanguka barabarani tu. Wengine wameumia pikipiki ikiwa imesimama, imefunguliwa, na mwenyewe amechuchumaa kando yake anaisafisha.

Mwaka jana, usiku wa mvua, niliamshwa kumpokea kijana mmoja. Jina lake sitalitaja. Kazi yake ni bodaboda. Siku ile pikipiki yake ilikuwa inakohoa na kuzimika kila inapopanda mlima. Akaamua kufungua kabureta na kuiosha. Nje mvua ilikuwa inanyesha, basi akaingia ndani. Akamimina petroli katika beseni, akaitia kabureta humo, akaanza kuisugua kwa mswaki mkuukuu. Taa yake ilikuwa ya betri. Hakuwa anavuta sigara. Alijiona kuwa ni mwangalifu kabisa.

Lakini katika chumba cha pili mama yake alikuwa anapika ugali juu ya mafiga. Kati ya vyumba hivyo viwili hapakuwa na mlango. Palikuwa na pazia tu.

Je, moto ulitoka wapi? Ulitoka kwenye mafiga, ukapita chini ya pazia, ukaenda mpaka kwenye beseni. Kijana aliniambia baadaye kwamba aliuona ukija, umelala chini kama maji yanayotiririka. Akalipiga beseni teke ili aliondoe. Petroli ikammwagikia miguuni.

Jirani mmoja alimfunika kwa blanketi zito, na moto ukazimika. Jirani huyo ndiye aliyemwokoa. Waliofika baadaye walimpaka dawa ya meno na ute wa yai. Mimi nilikaa muda mrefu nikiondoa vitu hivyo taratibu juu ya ngozi iliyoungua, naye analia. Asubuhi alipelekwa hospitali ya wilaya. Alikaa huko wiki nyingi. Leo anatembea, lakini vidole viwili vya mkono wa kulia vimejikunja na havinyooki. Hawezi kushika breki. Pikipiki imeuzwa.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwauliza madereva na mafundi wa hapa kwetu swali moja: Unasafisha njia ya hewa ya injini yako kwa kitu gani? Karibu wote wananijibu kitu kimoja: petroli. Sababu ni kwamba ipo karibu, imo ndani ya tangi, na inaondoa uchafu upesi.

Mimi mwenyewe siwezi kuwacheka. Pikipiki ya zahanati, ile ninayoendea kliniki za watoto, niliisafisha kwa petroli kwa muda wa miaka miwili. Na nilikuwa nikiisafisha katika baraza ya zahanati.

Kwanza tuelewe njia ya hewa ni nini. Injini inapumua kama sisi. Inavuta hewa, inaichanganya na mafuta, ndipo inapata nguvu. Sisi tuna vinyweleo ndani ya pua vya kuzuia vumbi. Injini ina chujio la hewa, ambalo mafundi wanaliita ea klina. Hewa ikishapita katika chujio inaingia katika kabureta, na huko inakutana na petroli. Hapa kwetu Usukumani, wakati wa kiangazi, vumbi la barabarani ni jingi mno. Chujio likijaa vumbi, injini inakosa pumzi. Inatoa moshi mweusi, inakula mafuta mengi na inakosa nguvu. Kwa hiyo kusafisha ni lazima. Jambo la kuamua ni kitu cha kusafishia.

Sasa tuitazame petroli. Petroli ikiwa wazi inatoa mvuke saa zote, hata kukiwa na baridi kali. Mvuke huo huwezi kuuona. Tena ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi wa kuni. Unashuka, unatambaa sakafuni, unapita chini ya mlango, unakusanyika mahali penye bonde. Ukikutana na moto, hata kama moto uko mbali, unawaka na kurudi mpaka pale ulipotoka. Ndivyo ilivyokuwa kwa yule kijana. Yeye hakuipeleka petroli jikoni. Mvuke ulikwenda wenyewe.

Mafuta ya taa ni tofauti. Hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka yapate joto la kama nyuzi 38 au zaidi. Dizeli inahitaji joto kubwa zaidi, zaidi ya nyuzi 50. Lakini angalia: ukimwaga mafuta ya taa juu ya injini iliyotoka safarini sasa hivi, injini itayapasha joto, nayo yatakuwa na hatari kama petroli. Hata jua letu la mchana linaweza kulipasha joto kopo lililoachwa wazi. Ngoja injini ipoe. Kaa kivulini, nje ya nyumba, mbali na jiko.

Moto ni hatari ya kwanza. Hatari nyingine inakuja polepole. Ndani ya petroli mna kitu kinachoitwa benzini. Benzini ikivutwa kwa pumzi miaka mingi huharibu kiwanda cha damu kilichomo ndani ya mifupa. Huweza kuleta saratani ya damu. Pia petroli huondoa mafuta ya asili ya ngozi. Mikono inakauka, inapasuka, inawasha, na vijidudu vinapata njia ya kuingia.

Tunaye mzee mmoja fundi hapa kijijini. Ametengeneza magari, matrekta na mashine za kusaga tangu ujana wake. Nilimwendea gerejini kwake, chini ya mwembe. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia, "Marahaba mwanangu. Nani mgonjwa?" Nikamwambia hakuna mgonjwa, nimekuja kuitazama mikono yake. Akacheka, akanionyesha. Ilikuwa imepasuka kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi.

"Lakini mwanangu," akasema, "sisi tumenawa petroli maisha yetu yote. Mbona hatujafa?"

Nikamweleza kwamba petroli ya zamani ilikuwa mbaya kuliko ya leo, maana ilitiwa risasi, na risasi huharibu akili za watoto. Nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara ziliacha kuuza petroli hiyo mwanzoni mwa mwaka 2006. Aljeria ilikuwa nchi ya mwisho duniani kuiacha katika magari, mwaka 2021. Petroli ya leo haina risasi, lakini benzini bado imo, na moto bado umo. Halafu nikamuuliza, "Mzee, wale mafundi uliojifunza nao kazi, wako wangapi leo?" Akanyamaza kidogo. Akasema, "Tumebaki wawili." Mimi sisemi kwamba wote waliuawa na petroli. Sikuwapima. Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia nilete sabuni tujaribu.

Tukaanza na chujio la sponji, ambalo liko katika pikipiki nyingi. Tulilitoa, tukalikung'uta vumbi tukiwa tumeupa upepo mgongo, na pua tumezifunga kwa kitambaa. Tukachukua maji ya uvuguvugu na sabuni ya kufulia. Tukaliloweka sponji, tukaliminya na kuliachia, tukaliminya na kuliachia. Hatukulisokota kama nguo, maana likisokotwa linachanika, na vumbi linapita pale palipochanika. Maji yalitoka meusi. Tukabadilisha maji mara tatu mpaka yakatoka safi. Tukalianika kivulini mpaka likakauka kabisa. Mwisho tukalipaka oili safi ya injini, tukaliminya tena ili oili iliyozidi itoke. Oili hiyo ndiyo inayonasa vumbi. Ukisahau kuipaka, chujio linakuwa mlango wazi.

Mzee alilinusa lile sponji. Akasema, "Haya, hili nimekubali." Kisha akaniambia jambo ambalo mimi sikulijua. Sponji lililooshwa kwa petroli huharibika upesi, gundi yake inaachia. Na likirudishwa bado lina petroli, injini ikipiga chafya kwa nyuma, linaweza kuwaka pale pale chini ya kiti. Vitabu vya pikipiki navyo vinakataza kulisafisha kwa petroli. Basi fundi na mganga tukawa kitu kimoja.

Kama chujio lako ni la karatasi, usilioshe kwa kitu chochote. Si maji, si mafuta. Likung'ute polepole juu ya mbao. Kama una pampu, puliza hewa kutoka ndani kwenda nje, usiikaze sana. Likiwa limeloa oili au limetoboka, nunua jingine.

Mashine za kusaga za dizeli na matrekta ya zamani, kama Massey Ferguson 135, vina chujio la bakuli la oili. Hewa inapita juu ya oili, vumbi linazama chini na kuwa tope. Zima injini, ngoja ipoe, fungua bakuli, mwaga oili chafu katika kopo la kutupia. Osha bakuli kwa dizeli au mafuta ya taa, lipanguse likauke, tia oili mpya mpaka kwenye alama. Usizidishe alama. Mzee alinisisitizia sana jambo hili. Injini ya dizeli ikiivuta oili iliyozidi, inaitumia kama mafuta. Itakimbia peke yake, hata ukiikatia dizeli haisimami, na inaweza kupasuka huku akina mama wamesimama foleni na ndoo za mahindi.

Ikabaki kabureta. Hapa mzee alinibana. "Sabuni haiwezi," alisema. "Petroli ikilala humu ndani miezi mitatu inakuwa kama gundi. Utaitoaje kwa sabuni?" Alisema kweli. Kwa nje, sabuni na maji vinatosha. Kwa ndani, penye ile gundi, tulifanya hivi: tuliifungua kabureta, tukatoa vipande vya mpira na plastiki tukaviweka kando, tukaviloweka vya chuma katika mafuta ya taa usiku kucha, ndani ya kopo lenye kifuniko, kwenye kibanda kisicho na jiko. Asubuhi gundi ilikuwa imelainika. Tukasugua kwa mswaki. Mikononi tulivaa mifuko ya plastiki, kwa kuwa glavu hazikuwapo.

Vile vijitundu vidogo vya kupitisha petroli, mafundi wengi huvipuliza kwa mdomo. Acha tabia hiyo. Unavuta mvuke, na matone yanakuingia kinywani. Chukua pampu ya baiskeli, inafanya kazi ile ile, tena kwa nguvu zaidi. Wala usichokonoe kwa waya mgumu, maana tundu likipanuka injini itakunywa mafuta kupita kiasi. Unywele mgumu wa brashi ya nailoni unatosha.

Wako wanaopendekeza kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni. Ninakataa, na mzee anakataa. Kabureta imetengenezwa kwa madini laini, na nyingi zina aluminiamu ndani yake. Kostiki inaila aluminiamu, na wakati inaila inatoa gesi inayoshika moto. Tone moja la kostiki likiruka jichoni linaweza kukupofua.

Siku hizi madukani kuna makopo ya kupuliza ya kusafishia kabureta. Yanafanya kazi haraka, nami sisemi yasitumike kabisa. Lakini hapa ndipo kujua kusoma kunapookoa mtu. Maandishi yake mengi ni ya Kiingereza. Hata hivyo zipo picha, nazo zimewekwa ili kila mtu azielewe. Kila picha imo ndani ya umbo la pembe nne lililosimama kwa ncha, lenye mistari myekundu. Ukiona ndimi za moto, kitu hicho kinashika moto. Ukiona fuvu la kichwa na mifupa, kinaweza kuua mara moja. Ukiona maji yanayodondokea mkono, kinaunguza ngozi na macho. Ukiona kifua cha mtu chenye nyota iliyopasuka, basi kinaleta madhara ya baadaye, kama saratani au ugonjwa wa viungo vya ndani. Picha hii ya mwisho ndiyo ambayo watu hawaijali, kwa sababu haionyeshi moto wala kifo.

Makopo mengine yana dawa iitwayo dikloromethani. Ukiivuta, mwili wako unaigeuza kuwa gesi ile ile inayowaua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani. Mwaka 2024 Marekani ilipiga marufuku sehemu kubwa ya matumizi yake. Mengine yana heksani. Mwaka 2001 ilitolewa taarifa huko California, nchini Marekani, ya mafundi magari walioingiwa ganzi mikononi na miguuni. Walikuwa wanapuliza makopo ya kusafishia breki yenye heksani. Na yako yenye dawa za jamii ya klorini, ambazo zikipata joto kali, kama la kuchomelea, zinatoa fosjeni. Hiyo ni gesi iliyotumika kuua askari katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Kwa hiyo kopo la breki usilitumie kwenye kabureta kwa sababu tu limebaki. Na kama ni lazima upulize, pulizia nje, upepo ukitoka mgongoni, injini ikiwa baridi, na macho umeyakinga kwa miwani.

Magari mapya hayana kabureta. Katika njia yake ya hewa mna kifaa chenye uzi mwembamba kinachopima hewa. Usikiguse kwa maji, mafuta ya taa, wala kitambaa. Kina dawa yake, na kina mafundi wake.

Mafuta uliyooshea usiyamwage karibu na kisima wala mtoni. Yaache katika kopo mpaka tope lizame, kisha yale ya juu yatumie tena kwa kuoshea. Usiyatie katika taa wala jiko, kwa maana petroli kidogo iliyokuwa ndani ya kabureta imekwisha kuchanganyika nayo.

Na sasa ninakuomba usome taratibu, maana haya ndiyo ninayokutana nayo zahanati.

Petroli ikiwaka ndani ya beseni, usiimwagie maji wala usilipige teke. Maji yanaisambaza. Tupia mchanga au ifunike kwa gunia lililoloweshwa. Mtu akiwaka, asikimbie. Mlaze chini, mviringishe, mfunike kwa blanketi la pamba au sufu, si la nailoni. Mvue nguo zilizoloa petroli na pete za vidoleni. Kisha mmwagilie maji safi ya baridi juu ya kidonda kwa muda wa dakika 20. Mtu mzima mmoja akishika jagi na mwingine akichota, inawezekana. Hata kama mmechelewa saa moja au mbili, mmwagilieni. Usipake dawa ya meno, yai, asali wala unga. Usitumbue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi, mlete zahanati.

Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka, dakika 15 au zaidi, jicho likiwa wazi.

Mtoto akinywa mafuta ya taa au petroli, usimtapishe. Usimpe maziwa. Mafuta hayo yanapotapikwa yanaingia kwenye mapafu, na huko ndiko yanakoua. Mlete upesi, pamoja na chupa aliyonywea, hata kama anacheza na kucheka. Kikohozi na kupumua kwa haraka vinaweza kuja saa kadhaa baadaye. Watoto wote wa namna hii niliowapokea walikunywa kutoka kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto anajua chupa ya soda ina soda. Kosa si lake.

Nilimweleza mzee hayo, naye akageuka kuitazama meza yake. Palikuwa na chupa tatu za maji ya dukani, mbili zina mafuta ya taa na moja petroli, na wajukuu wake walikuwa wanacheza hapo hapo. Akaondoka bila kusema kitu, akarudi na debe lenye kifuniko cha kukaza. Akamimina mafuta ya taa ndani yake. Petroli akairudisha kwenye tangi la pikipiki.

Nikatoa kalamu ya wino mzito niliyokuwa nayo mfukoni nimwandikie. Akaninyang'anya. Mzee huyu alianza kisomo mwaka huu, darasa la jioni katika shule yetu ya msingi. Akaandika juu ya debe kwa herufi kubwa: SUMU. Herufi S aliigeuza, inatazama nyuma. Nilitaka kumsahihisha, lakini mjukuu wake mkubwa, wa darasa la pili, alikuwa amekwisha kuisoma kwa sauti.